Jinsi ya Kufuatilia Utumishi na Nishani za Muuguzi wa Vita Kutoka Magharibi mwa Kenya

Kwa miaka mingi nyanya yangu, kijijini Maragoli, aliweka nishani mbili ndani ya mkebe wa Kimbo juu ya kabati la vyombo, pamoja na risiti za kodi na vifungo vya koti. Moja ilikuwa nyota ya ncha sita yenye rangi ya shaba iliyofifia. Ya pili ilikuwa ya mviringo, nzito kuliko inavyoonekana, na utepe wake ulikuwa umeliwa ukabaki nyuzi. Tulichojua kuhusu mwenyewe, babu yangu, ni maneno matatu tu: dresa wa Bama, yaani mfunga vidonda aliyekwenda Burma. Siku nilipozichukua kwa nia ya kutafuta habari zake, nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya, yaani nilizigeuza ubavuni nikitafuta jina. Halikuwapo, wala halingekuwapo, kwa sababu nishani za Uingereza za Vita vya Pili vya Dunia zilitolewa kwa askari wetu bila kuchongwa jina la mpokeaji.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye nishani. Nishani hukuambia mtu alifika wapi, lakini haikuambii ni mtu gani. Karatasi hukuambia ni mtu gani, lakini mara nyingi hunyamaza kuhusu alichokifanya. Kazi ya mtafiti ni kuvikalisha viwili hivyo pamoja mpaka vikubaliane.

Jua kwanza unamtafuta muuguzi wa aina gani

Anayesikia maneno "muuguzi wa vita" humwona mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani. Kwa familia nyingi za Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na Bungoma picha hiyo itakupoteza. Waafrika waliouguza majeruhi wa majeshi ya Afrika Mashariki katika Vita vya Pili walikuwa wanaume: madresa, wahudumu wa wodi, wabeba machela na madereva wa ambulansi. Kikosi chao kikuu kilijulikana kwa herufi EAAMC, yaani Kikosi cha Tiba cha Jeshi la Afrika Mashariki, na herufi hizo ndizo utakazozikuta kwenye karatasi.

Ukiambiwa kwamba babu "alikuwa Keya", usikate shauri papo hapo. Vijijini, mtu yeyote aliyerudi na kanzu ya jeshi ya khaki aliitwa wa Keya, hata kama hakuwahi kuandikishwa katika King's African Rifles. Huenda alikuwa EAAMC, huenda alikuwa EAASC waliohusika na uchukuzi, au EAMLS waliokuwa kikosi cha kazi za mikono. Aidha, batalioni za Keya zenyewe zilikuwa na wabeba machela wao, kwa hiyo mtu anaweza kuwa alifunga vidonda kwa miaka mitatu na bado akahesabiwa askari wa kawaida wa Keya. Andika uwezekano wote na usifute hata mmoja mpaka upate karatasi.

Masista wa hospitali za kijeshi walikuwa Wazungu. Wengine walitumwa kutoka Uingereza katika huduma ya uuguzi ya jeshi la huko iliyoitwa QAIMNS na akiba yake, na wengine waliandikishwa huku huku katika huduma ya uuguzi wa kijeshi ya Afrika Mashariki, EAMNS. Ikiwa unayemtafuta ni mmoja wa hao, labda sista aliyefanya kazi Gilgil au Nakuru na ambaye mjukuu wake amekuandikia akiomba msaada, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya Uingereza hapa chini.

Kwa Vita vya Kwanza hali ni nyingine tena. Mkoa wa Nyanza ulitoa wapagazi wengi sana wa Kariakor, na miongoni mwa waliowauguza wapagazi hao walikuwamo vijana wa misheni: Wakikuyu waliojiunga na daktari John Arthur mwaka 1917, na Waganda wa kikosi cha tiba cha Waafrika kilichoundwa Uganda wakati huo huo. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni majina yaliyobaki ya jeshi hilo la wapagazi, lakini karatasi za mtu mmoja mmoja ni chache kwa uchungu. Nitagusia vita hivyo hapa na pale tu. Mengi yanayofuata yanahusu miaka ya 1939 hadi 1945.

Nyumbani ndiko kwenye faili la kwanza

Kabla ya kulipa nauli ya kwenda Nairobi, maliza nyumba zote za ukoo. Usiulize tu kwa mke mkubwa au kwa mtoto wa kwanza wa kiume, kwa sababu karatasi za wazee hufuata aliyewauguza uzeeni, na mara nyingi huyo ni binti aliyeolewa mbali. Cheti cha babu yangu cha kuachishwa jeshi hakikuwa kwetu Maragoli. Kilikuwa kwa shangazi yangu huko Kitale, ndani ya Biblia, kimekunjwa mara nane.

Unapozungumza na wazee, usiwaulize maswali ya tarehe. Mzee wa miaka tisini akiulizwa "ilikuwa mwaka gani?" atakupa mwaka wowote ili akuridhishe, na utaubeba mwaka huo kama mzigo wa mawe. Uliza mambo ya mwili na ya njia: "Mzee, aliwahi kusimulia juu ya meli?" "Alisema huko kulikuwa na baridi au mvua?" "Kulikuwa na mlima, mto au mchanga?" "Alirudi kabla ya njaa ile au baada yake?" Anayesimulia matope, mvua isiyokatika, ruba na homa anakuelekeza Burma, hasa Bonde la Kabaw, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944 hadi ikafika mto Chindwin mwezi wa Desemba. Anayesimulia Waitaliano waliosalimu amri kwa maelfu anakuelekeza Somalia na Abisinia, mwaka 1941. Anayesimulia Wafaransa anakuelekeza Madagascar, mwaka 1942. Mambo haya matatu yanatosha kuanza.

Karatasi za kutafuta ni hizi: cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo, kitabu cha akiba cha posta, picha iliyopigwa studio, barua zenye muhuri wa jeshi, na kipande, yaani kitambulisho cha wakati wa ukoloni. Kipande kilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kikafutwa mwaka 1947, na mwanamume alikibeba shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kina alama za vidole, jina la chifu na mahali alikotoka mtu, na kwa sababu hiyo ndicho mara nyingi kinachounganisha jina la jeshini na jina la nyumbani.

Ukipata cheti cha kuachishwa, jambo la kwanza kunakili ni nambari ya jeshi pamoja na herufi zinazoitangulia. Watu huziacha herufi hizo wakidhani ni mapambo ya karani. Kumbe nambari bila herufi zake inaweza kuwa ya watu wawili au watatu. Kisha nakili kikosi, cheo, tarehe ya kuandikishwa na ya kuachiliwa, na maneno ya ofisa kuhusu tabia na kazi yake. Katika cheti cha babu yangu, mstari wa kazi ulikuwa na maneno mawili tu kwa Kiingereza yenye maana ya mhudumu wa wagonjwa, na wino wake ulikuwa umefifia kiasi kwamba tulisoma kwa kuinamisha karatasi mlangoni asubuhi, jua likiipiga kutoka ubavuni. Herufi ambazo wino umeziacha, kalamu ilikuwa imezikwaruza, na mwanga wa pembeni huonyesha mikwaruzo hiyo. Piga picha kwa simu namna hiyo hiyo, bila flashi, ukurasa wa mbele na wa nyuma, hata kama nyuma hakuna kitu unachokiona.

Nakuomba sana usiipeleke karatasi hiyo saiba kuwekwa plastiki. Najua kila cheti nchini kwetu kimepitishwa kwenye mashine ile, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha shule, lakini joto na gundi haviondoki tena, na karatasi ya mwaka 1946 itakauka na kupasuka humo ndani bila mtu kuweza kuitoa. Bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu, mbali na ukuta, inatosha. Kwa sisi tunaoishi karibu na ziwa unyevu ni adui mkubwa kuliko panya.

Jina lake, na jina alilopewa na karani

Nilipoteza mwaka mzima na zaidi kwa sababu nilimtafuta babu kwa jina lake la ubatizo, nami sikujua kwamba alibatizwa baada ya vita. Jeshini aliandikwa kwa jina la nyumbani likifuatiwa na jina la baba yake, na karani aliyeliandika hakuwa Mluhya. Sauti ya "v" ya Kimaragoli iligeuka "b", na irabu ya mwisho ikabadilika. Kwa hiyo kabla ya kufungua orodha yoyote, kaa chini uandike jina kwa kila namna ambayo sikio geni lingeweza kuliandika: Wafula na Wafulla, Were na Weri, Ochieng na Ochien, Kiprono na Chiprono. Kumbuka pia viunganishi: mtu mmoja anaweza kuandikwa na "arap", mwingine na "bin" hata kama si Mwislamu, na mwingine na neno la Kiingereza la "mwana wa" likifupishwa kwa herufi mbili, s/o.

Daftari za ubatizo ni msaada mkubwa hapa. Misheni ya Waquaker ya Kaimosi ilianza mwaka 1902, shule ya Maseno mwaka 1906, na Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa Nyanza tangu miaka hiyo hiyo. Daftari linalotaja jina la kale, jina jipya, jina la baba na kijiji katika mstari mmoja ni ufunguo. Omba ruhusa kwa barua, taja uhusiano wako na marehemu, na uende na mtu anayejulikana na kanisa hilo.

Mahali nako kulibadilika majina. Nyaraka za wakati wa vita hazijui Vihiga, Siaya wala Homa Bay. Utaona North Kavirondo, ambayo ni Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia za leo. Central Kavirondo, ambayo ni Kisumu na Siaya. Na South Kavirondo, ambayo ni Kisii na maeneo ya Migori na Homa Bay. Mwaka 1948 neno Kavirondo liliondolewa na Nyanza likachukua nafasi yake. Anayetafuta "Kakamega" kama wilaya katika orodha ya mwaka 1943 anaweza kutoka mikono mitupu huku jina la babu yake limo ukurasa huo huo.

Kuzisoma nishani

Sasa rudi kwenye mkebe. Tandika kitambaa cheupe mezani, ziweke nishani juu yake na usizisugue. Brasso inafaa kwa kitasa cha mlango. Kwa nishani inakula maandishi, na mng'aro wake si uthibitisho wa chochote.

Nyota zote za vita hivyo zina umbo moja: ncha sita, na katikati duara lenye taji na alama ya Mfalme George wa Sita. Kwenye duara hilo jina la nyota limeandikwa, kwa hiyo hata kama utepe umeliwa na mende unaweza kuijua. Tatu ndizo zinazotuhusu zaidi. Nyota ya 1939–1945 ilitolewa kwa waliotumika miezi sita katika maeneo ya mapigano, na utepe wake una milia mitatu sawa ya bluu iliyoiva, nyekundu na bluu hafifu. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wa jangwani, wenye mlia mpana mwekundu katikati na milia miwili myembamba ya bluu pembeni. Ilihesabiwa kuanzia tarehe 10 Juni 1940, na upande wetu ilihusu waliopigana Somalia, Eritrea na Abisinia, ambako Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano, iliangushwa tarehe 27 Novemba 1941. Madagascar, ingawa ni Afrika kwa ramani yoyote ile, haikuhesabiwa katika Nyota ya Afrika, na jambo hili limewachanganya wengi. Nyota ya Burma ina utepe wa bluu iliyoiva, mlia mpana mwekundu katikati, na mlia wa chungwa kila upande ndani ya bluu.

Za mviringo ni mbili. Nishani ya Vita ya 1939–1945 ina kichwa cha mfalme mwenye taji upande mmoja, na upande wa pili simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili. Hii ilimtosha mtu aliyetumika siku 28 tu, popote pale. Kwa hiyo muuguzi aliyekaa vita vyote katika hospitali ya kambi ya Gilgil, akiosha vidonda vya waliorudishwa kutoka mstari wa mbele, anaweza kuwa na hii peke yake, wakati dereva aliyevuka mpaka wa Abisinia kwa wiki moja ana nyota. Usipime kazi ya mtu kwa idadi ya vyuma. Nishani ya Ulinzi ina kichwa cha mfalme asiye na taji, na nyuma yake simba wawili wakilinda mti mchanga. Utepe wake ni rangi ya moto katikati na kijani pembeni.

Ukitaka kuona namna nishani zinavyoweza kuhojiwa, chukua zetu. Nyota ile ilikuwa ya Burma. Ya mviringo ilikuwa Nishani ya Vita. Mtu aliyekwenda Burma na divisheni akakaa huko miezi sita alistahili pia Nyota ya 1939–1945, nasi hatukuwa nayo. Kwa hiyo ama hakutimiza muda huo, labda kwa kuugua na kurudishwa nyuma, ama nyota moja ilipotea. Nilimwuliza shangazi bila kumwelekeza: "Shangazi, za babu zilikuwa ngapi?" Akajibu kwamba zilikuwa tatu, na kwamba ya tatu kaka yake aliichukua akaifanya gurudumu la gari la mabua. Nilicheka, lakini niliandika. Bado huo si uthibitisho; ni sababu ya kuendelea kutafuta tarehe.

Ukikuta nishani ya Vita vya Pili yenye jina ubavuni, usidhani mara moja ni ya bandia. Afrika Kusini na Australia walichonga majina kwenye nishani za askari wao, na askari wa Afrika Kusini walijaa Kenya mwaka 1940 na 1941, hivyo nishani zao hazikosekani katika nyumba zetu. Nishani za Vita vya Kwanza, kinyume chake, kwa kawaida zina nambari, jina na kikosi ubavuni, kwa hiyo tumia kioo cha kukuza na uzungushe polepole.

Neno moja kuhusu Msalaba Mwekundu wa Kifalme, nishani ya wauguzi iliyoanzishwa na Malkia Victoria mwaka 1883. Familia kadhaa zimeniambia kwamba babu yao aliipata. Haiwezekani, kwa sababu wanaume hawakuruhusiwa kuipokea mpaka mwaka 1976. Dresa shujaa angeweza kupewa Nishani ya Kijeshi, MM, au Nishani ya Dola ya Uingereza, BEM, na hizo zina jina ubavuni.

Nyaraka zilizo karibu nawe

Makavazi ya Kitaifa yako Moi Avenue, Nairobi, na yana vituo vya kumbukumbu mikoani, vikiwamo vya Kisumu, Kakamega na Nakuru. Anza na kituo kilicho karibu, uulize kilicho nacho na kilichopelekwa Nairobi, kwa sababu nyaraka nyingi za zamani zimo makao makuu. Beba kitambulisho, penseli na ada ya msomaji. Kwa kawaida hati za serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30, kwa hiyo za vita hivi zimefunguliwa zamani.

Usiende dirishani ukaomba "faili la babu yangu". Halipo kwa jina hilo. Omba mafaili ya ofisi zilizomhusu: ya Mkuu wa Mkoa wa Nyanza yanaanza na PC/NZA, ya Wilaya ya Kisumu na DC/KSM, na ya North Kavirondo, baadaye North Nyanza, na DC/NN. Ndani yake tafuta mambo ya kuandikisha askari, barua za askari waliorudi, madai ya pesa, na ripoti za mwaka za wilaya. Kama babu aliporudi alifanya kazi katika zahanati ya Local Native Council, lile baraza la wenyeji la wilaya, basi kumbukumbu za mikutano na za mishahara za baraza hilo zinaweza kumtaja pale ambapo jeshi halikumtaja. Nilimkuta wangu hapo, katika mstari mmoja wa penseli kuhusu bendeji na iodini zilizokosekana, jina lake likiwa na ile "b" ya karani.

Gazeti rasmi la Kenya limewekwa mtandaoni, na ni bure. Lina uteuzi, tuzo na matangazo ya mirathi. Linafaa zaidi kwa maofisa na masista kuliko kwa askari wa kawaida, lakini hugharimu saa moja tu. Gazeti la Kiswahili la Baraza, lililoanza mwaka 1939, na Heshima, lililochapishwa kwa ajili ya askari, yana barua na picha. Kiswahili chake ni kile cha Kikeya, kikavu na cha amri, nacho kinafurahisha kusoma hata usipopata jina.

Kumbukumbu za utumishi za askari wa Keya zilizobaki nchini ziko mikononi mwa jeshi. Andika barua kwa Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Nairobi, ukitaja nambari, kikosi, jina kwa tahajia zote, na uambatishe nakala ya cheti pamoja na ushahidi wa ujamaa. Chama cha askari wastaafu, DEFOCA, ambacho wengi bado wanakiita KAFOCA, kinaweza kukueleza barua hiyo ielekezwe dawati gani. Kuwa na subira ya miezi kadhaa, na uweke nakala ya kila ulichotuma.

Ikiwa hakurudi

Waliokufa, kwa huzuni, ni rahisi zaidi kuwapata. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya bure mtandaoni, na unaweza kuchuja kwa kikosi ukaandika East African Army Medical Corps. Kwa Vita vya Pili inahesabu vifo vya kuanzia tarehe 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947, kwa hiyo dresa aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1946 akiwa bado jeshini naye anahusika. Makaburi yaliyo karibu nasi ni Gilgil na Nakuru North. Nairobi kuna makaburi ya barabara ya Ngong, ambamo pia mna mnara wa Afrika Mashariki wa wale wasio na kaburi linalojulikana.

Ukisikia katika ukoo kwamba mtu "alizama na meli", fikiria kwanza Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwezi Februari 1944 kwenda Ceylon, ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na masista zaidi ya 50, na tarehe 12 mwezi huo ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, na kati ya wanawake wote waliokuwamo, sita tu walitolewa majini wakiwa hai.

Kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza, jitayarishe kutopata kitu. Tume yenyewe ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukiwa na ushahidi wa mtu aliyeachwa, au wa jina lililoandikwa vibaya, Tume hupokea maombi ya kusahihisha, na ushahidi wa familia ya hapa kwetu una uzito.

Nyaraka za Uingereza

Nyaraka za Taifa za Uingereza ziko Kew, London, na faharasa yake inaweza kutafutwa bure ukiwa Kisumu. Kwa sista wa Vita vya Kwanza fungua mfululizo wa WO 399, ambao una mafaili ya masista wa jeshi, na WO 372, ambao una kadi za nishani. Kadi za wasaidizi wa Msalaba Mwekundu wa Uingereza wa vita hivyo nazo ziko mtandaoni bila malipo. Kwa Vita vya Pili, mafaili ya jeshi la Uingereza yalianza kuhamishwa kutoka Wizara ya Ulinzi ya huko kwenda Kew mwaka 2022. Sista wa QAIMNS atatafutwa humo.

Dresa wetu hatapatikana humo kwa faili lake. Atapatikana, ikiwa una nambari ya hospitali au ya ambulansi yake, katika shajara ya vita ya kikosi: WO 177 kwa vikosi vya tiba, WO 169 kwa Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati, WO 172 kwa Burma. Shajara haitaji askari wa kawaida isipokuwa kwa nadra, lakini hukuambia siku kwa siku kikosi kililala wapi na kilipokea majeruhi wangapi. Mapendekezo ya tuzo za ushujaa yako WO 373, na hayo hutaja jina na kitendo chenyewe. Usinunue nakala yoyote kabla ya kujua kikosi. Shajara isiyo ya kwake ni pesa iliyotupwa ziwani.

Wanaodai ada ya fidia

Shangazi yangu aliwahi kutoa shilingi elfu mbili kwa watu waliopita kijijini wakiandikisha "familia za Bama" ili zilipwe na Uingereza. Walikuwa na fomu, muhuri na kizibao cha rangi ya khaki. Walichukua pia nakala ya cheti, na hawakurudi. Hakuna hatua hata moja niliyoieleza hapa inayohitaji kumlipa dalali. Malipo ni ya nakala, nauli na ada ya msomaji tu. Nishani ya asili isitoke nyumbani kwa sababu yoyote. Atakayekuwa na haja ya kweli atatosheka na picha.

Kuandika ulichopata

Tumia ukurasa mmoja. Upande wa kushoto andika kila dai: jina, nambari, kikosi, mahali, tarehe, nishani. Upande wa kulia andika dai hilo linasimama juu ya nini: cheti, daftari la ubatizo, faili namba fulani, neno la shangazi. Neno la shangazi liandikwe hivyo hivyo, kama neno la shangazi, pamoja na siku aliyolisema. Pale vitu viwili vinapopingana, viache vyote viwili na uweke alama.

Babu yangu sasa ana nambari, kikosi, tarehe mbili za uhakika na mstari mmoja wa penseli kuhusu bendeji. Nishani ya tatu imebaki na alama ya kuuliza. Nishani zimo ndani ya bahasha mbili za karatasi, na kila moja nimeifunga kwa uzi wa pamba kadi ndogo yenye jina lake kwa tahajia ya nyumbani, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina lake kwa tahajia ya karani.